Harusi Iliyomngoja Ng'ombe

Ulipita pale. Usiseme hukupita. Uliuona ule mfuko wa nailoni umenasa kwenye miiba, unapepea kama bendera ya nchi isiyo na wenyewe. Ukauona wa pili umelala mtaroni, na wa tatu ukiwa nusu mdomoni mwa ng'ombe, ukageuza uso. Ukajiambia ng'ombe si wako, mtaro si wako, na mji una wakubwa wake. Haya. Macho umeyafumba, basi tega masikio, maana haya ninayokuletea ni mapenzi, na bado sijamwona mtu anayekimbia habari za mapenzi.

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita, Shinyanga mjini, siku ya soko. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu kwa miaka, mtu akapanga foleni tangu alfajiri kwa kipande cha sabuni, yalikuwa yamefurika tena. Khanga zilirudi, dawa ya meno ikarudi, na nyuma yao kikaja kitu ambacho hakuna aliyekiomba, mfuko wa nailoni. Mji huu ulikuwa ukifunga nyama kwa gazeti. Sukari ilipimwa kwenye karatasi ya kaki. Kila mwanamke alikuwa na kikapu chake cha ukindu, na kikapu kilidumu mpaka kikarithiwa.

Melania binti Maduhu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitandaza nailoni sokoni, karibu na stendi ya mabasi. Binti mrefu, mweusi wa kung'aa, nywele kasuka twende kilioni, gauni la njano lenye marinda limemkaa kiunoni utadhani fundi alilishonea mwilini. Mifuko yake ilikuwa myeupe yenye mistari ya manjano, akaitundika kwenye kamba, ikawa inajaa upepo na kucheza. Watu waliitazama, wakaishika, wakaiacha. Hawakujua ni ya nini.

Hapo ndipo aliposimama mbele yake kijana mwenye baiskeli. Kwenye usukani alifunga spika yenye mdomo kama ua la boga, na kwenye kiti cha nyuma betri ya lori. Huyo ndiye Jilala, mpiga mbiu wa mji. Ukiwa na mpira, ukiwa na dansi, ukipotelewa na mbuzi, unamtafuta Jilala. Siku hiyo alikuwa anatangaza dansi, na hakuona wala kujali kwamba amelifunika genge zima la yule binti.

"Kaka, unanizibia wateja," Melania akamwambia.

Jilala hakuishusha maikrofoni. "Wananchi," akasema, na soko zima likageuka, "dada mwenye gauni la njano anasema ninamzibia wateja. Wateja wenyewe mko wapi? Jitokezeni, dada asionekane mwongo."

Watu wakacheka. Melania naye hakubishana. Alichomoa mfuko mmoja, akaupuliza ukajaa, akauvika mdomo wa spika na kuukaza kwa kifundo. Sauti ya Jilala ikageuka koromo la mtu aliyelala chali. Soko likavunjika mbavu, na mpiga mbiu mwenyewe akainamia usukani kwa kicheko.

"Nimenyamazishwa na nini hiki?"

"Nailoni."

"Na ukitaka kunifungua unadai nini?"

"Uinadi. Umenizibia asubuhi nzima, hiyo ndiyo fidia."

Akafunguliwa, akainadi. Na alivyoinadi, ndugu yangu, laiti angekuwa bubu. "Mama, tupa kikapu. Kikapu kinachubua mkono, kikapu kinavujisha mchele. Chukua nailoni ya Melania, nyepesi kama pumzi, haiingii maji, haiombi bega." Kabla ya adhuhuri kamba ilikuwa tupu, na Melania alikuwa anamwangalia yule kijana kwa namna ambayo hakuipanga.

Wakapendana. Jumapili baada ya misa walionekana wote wawili juu ya ile baiskeli, Melania amekaa kwenye bomba la mbele, kichwa chake chini ya kidevu cha Jilala, wanateremka mteremko wa stesheni huku binti anapiga kelele za furaha na kuogopa kwa pamoja. Kila anakokwenda kunadi dansi, Jilala alipenyeza na nailoni. Alifika Maganzo kwa wachimba almasi, akafika Mwakitolyo, akavuka mpaka Geita. Kutoka Geita alikuwa akipiga simu posta, inaingia dukani kwa Mzee Hatibu, mfanyabiashara wa jumla aliyekuwa akimletea Melania mifuko hiyo. Mzee Hatibu, baba yake wa Pangani, mama yake wa Tabora, aliinyoosha ile simu nyeusi juu ya kaunta na kuonya kwamba hiyo ni simu ya biashara, si ya huba.

"Melania?"

"Ninakusikia. Na Mzee Hatibu anakusikia, na waliokuja kununua mafuta ya taa wanakusikia."

"Shikamooni wote. Melania, huku wanaigombania mifuko kama dhahabu imo ndani. Wanatilia mchele, wanatilia viatu, mvua ikinyesha wanaivaa kichwani. Leta mingine."

"Nilifikiri umepiga kuniambia umenikumbuka."

Simu ikakwaruza kidogo. "Mtu haanzi na nyama, laazizi. Anaanza na ugali."

"Mimi leo nimeshiba ugali."

"Basi nimekukumbuka mpaka najitangazia jina lako porini. Wachimbaji wananiuliza kama umepotea."

Dukani watu wakapiga makofi, na Melania akatoka amejifunika uso kwa upande wa khanga.

Mahari ikapelekwa. Mzee Maduhu, baba yake Melania, alikuwa mstaafu wa reli, mtu mfupi mwenye kofia ya kazini aliyokataa kuivua tangu alipostaafu. Alikuwa na zizi lake Kitangili, ukingoni mwa mji. Mama yake Jilala, mjane aitwaye Mbuke, alitoka upande wa Kolandoto akiswaga ng'ombe wa mahari yeye mwenyewe pamoja na ndugu za marehemu mumewe. Miongoni mwao alikuwemo mtamba mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Mbuke alieleza kwamba mtamba huyo ameshapandwa na dume.

Mzee Maduhu akamzunguka, akamgusa ubavu, akatoa neno mbele ya wakwe. "Binti huyu ndiye anayenikorogea uji wa maziwa. Haondoki mpaka ng'ombe huyu azae. Nyumba yangu haiwezi kukosa binti na maziwa kwa mpigo mmoja." Wazee wakaitikia kwamba neno limekaa sawa. Jilala akamkonyeza Melania. Miezi si mingi, ng'ombe hana ukaidi.

Kuanzia hapo hakuna ng'ombe aliyetazamwa Shinyanga kama yule. Wanawake wa sokoni walimwita mshenga mwenye pembe. "Mshenga anasemaje leo?" wakamuuliza Melania kila asubuhi, naye akawajibu kwamba mshenga ananenepa. Na kweli tumbo lilikuwa linakua. Jilala alikuwa akipita jioni na kuliwekea sikio, akasema ndama anampigia mbiu. Shangazi Zipora, dada yake Mzee Maduhu, akaanza kushona mashuka ya bibi harusi. Pilau ikawa inapikwa midomoni kabla ya chunguni.

Lakini kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Ng'ombe wa Kitangili walikuwa wakitoka asubuhi kwenda nyuma ya soko, kwenye jalala, na huko majani hayakuwepo. Ilikuwepo nailoni. Nailoni iliyotiliwa chumvi, iliyotiliwa dagaa, iliyotiliwa magadi, na ng'ombe mwenye njaa ya chumvi hajui kwamba anachokilamba hakiyeyuki. Kila mtu aliona. Melania alipita pale kila siku na mzigo mpya kichwani, naye aliona. Aliona kama unavyoona wewe.

Mtamba akaanza kusimama shingo ameinyoosha, anaguna, hacheui. Shangazi Zipora akapiga kigelegele akisema uchungu umeanza. Mzee Maduhu akatandika nyasi kavu. Jilala akaitwa kutoka Geita, akafika na basi la asubuhi amevaa shati jeupe la pasi, suruali ya kijivu, viatu vinameta, kama mtu anayekuja kuozwa siku hiyohiyo. Alimkuta ng'ombe amelala ubavu, ulimi nje, na jirani mchinjaji anaharakisha kunoa kisu ili mnyama asife kibudu.

Alipopasuliwa, watu wote walikuwa wamezunguka zizi. Ndama hakuwemo, wala dalili ya ndama. Mchinjaji alitia mikono miwili kwenye tumbo la chakula, akavuta, akavuta tena kama anayevuta kamba ya kisimani. Likatoka bonge kubwa kama mto wa kitandani, limejisokota lenyewe kwa lenyewe, linanuka. Na ndani ya uchafu ule mistari ya manjano ilikuwa bado inang'aa kama siku ilipotundikwa sokoni.

"Kijana," Mzee Maduhu akamgeukia Jilala, "ndama wangu yuko wapi?"

Jilala akalitazama bonge, akamtazama Melania, akasema neno ambalo bora angelimeza.

"Muulize binti yako. Hiyo ni mifuko yake."

Melania alihisi kama amepigwa kofi mbele za watu. "Na sauti ilikuwa ya nani?" akamuuliza polepole. "Nani aliwaambia mama zetu watupe vikapu?"

Jilala aliichukua baiskeli yake, akaondoka, na basi la mchana likarudi naye Geita. Melania alilia kwenye mashuka yasiyokuwa na harusi, akaapa kwamba akimwona tena atavuka barabara.

Kilichomwinua si mapenzi. Ni mdomo wa shangazi yake. Siku zilivyopita, Shangazi Zipora alianza kuuliza mitaani bonge lile liliingiaje tumboni bila mkono wa mtu. Nani alimleta ng'ombe? Mbuke. Nani alisema ana mimba wakati hana? Mbuke. Na macho ya Mbuke yakoje? Mekundu. Mwanamke aliyepika kwa kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, moshi unamchoma, macho yatakuwa ya rangi gani? Lakini katika nchi ile neno la macho mekundu ya ajuza halikai kuwa neno tu. Melania alikuwa amekwisha kuona mazishi ya vikongwe waliouawa kwa maneno kama hayo. Mzee Maduhu naye alikuwa ameanza kutikisa kichwa, anasema pengine, pengine.

Melania alikwenda kwa Mzee Hatibu, akaomba simu. Alipata nyumba ya wageni ya Geita alikofikia Jilala, na mhudumu akamwita kutoka chumbani.

"Ni mimi. Usiseme kwanza, sikiliza. Wanasema mama yako amemroga ng'ombe."

Jilala akauliza kwa sauti ambayo Melania hakuwahi kuisikia kwake, "Nani anasema?"

"Kwetu. Nyumbani kwangu. Kesho ni siku ya soko. Ninalipeleka lile bonge sokoni nilifungue mbele ya kila mtu, wasome wenyewe mifuko imetoka wapi. Sina sauti ya kufika hata genge la tatu. Njoo na spika."

"Melania, ukisema hivyo hutauza tena hata mmoja."

"Sijauza tangu siku ile."

"Nilikusema vibaya, mpenzi. Nilijua kosa lilikuwa letu sote, nikakuachia peke yako."

"Ulisema vibaya. Utaniomba radhi ukifika. Simu ya watu hii."

Mzee Hatibu, aliyekuwa anajifanya anapima sukari, aliweka chini mizani. "Mwanangu, mzigo mwingine nimeshauagiza. Uko njiani."

"Uzuie, baba. Au uupokee wewe, uwalishe ng'ombe wako."

Asubuhi soko lilimwona Melania anaingia na gauni lake la njano, lile lile, amebeba beseni kichwani. Alikuwa ameliosha lile bonge kwa majivu. Akaomba kulabu kwa wauza nyama, akalitundika, na watu wakaanza kukusanyika wakidhani ni utumbo. Basi la Geita lilipoingia stendi, Jilala aliruka chini kabla halijasimama, akapanda juu ya paa kushusha baiskeli. Alifika anahema, akaunga nyaya kwenye betri. Alimpa Melania maikrofoni mkononi, akavifunga vidole vyake juu ya vidole vya Melania, akaviacha hapo kitambo kuliko ilivyohitajika.

Melania akaanza kufungua. Alivuta mfuko mmoja mmoja, akiuinua juu. Huu nimeuuza mimi. Huu nao ni wangu. Huu una doa la buluu ya kufulia nguo, nani alitilia buluu? Mwanamke mmoja akainamisha kichwa. Huu umeandikwa hesabu kwa kalamu ya wino, ni wa duka gani? Mzee Hatibu akakohoa. Kila mfuko ulikuwa na mwenyewe, na kila mwenyewe alikuwa amesimama pale. Watu wakaacha kucheka. Wakaanza kusogea, kila mmoja akitafuta kama wa kwake umo.

"Uchawi nao hutumia vitu vya watu," Shangazi Zipora akadakia.

Ndipo Melania akafikia kifuko kidogo katikati kabisa, kimekazwa mdomo kwa kipande cha waya wa shaba uliopindwa mara mbili na ncha kukunjwa ndani. Akakiinua, na kabla hajasema kitu Mzee Maduhu alisukuma watu, akakishika. Kitangili nzima ilijua kwamba mzee yule wa reli hafungi kitu kwa kamba.

"Waya huu ni wangu," akasema, na maikrofoni ikayachukua maneno yake mpaka stendi. "Nilinunua magadi ya ng'ombe. Nikakata pembeni nikamwaga, mfuko nikautupa palepale zizini. Mbuke hakumroga ng'ombe. Nimemlisha mimi."

Akaivua ile kofia. Mji ukaona upara wake kwa mara ya kwanza. Akamwambia dada yake kwamba wao wawili leo hii wanakwenda Kolandoto kwa miguu kumwomba radhi yule mama, na atakayetaja tena macho ya mtu atajibu kwake. Shangazi Zipora alitia mdomo kwenye khanga, akafuata.

Waliporudi kesho yake, wazee waliketi upya. Maneno ya mahari hayaishi kwa kulia. Ng'ombe amekufa, na binti haondoki mpaka ng'ombe azae, hivyo Jilala akasema ataleta mwingine mara moja, hata leo.

"Usimlete," Melania akasema.

Wote wakamgeukia. Jilala akamkodolea macho.

"Ninataka kuolewa na wewe, usinitazame hivyo," akamwambia mbele ya wazee, bila haya. "Lakini ukimleta ng'ombe hapa atakula nini? Atakula kilekile. Tutangoja tumbo likue, tushangilie, tumpasue. Ng'ombe hataingia Kitangili mpaka njia ya kutoka barabara kuu hadi zizini haina mfuko hata mmoja. Na jalala pia. Mnaotaka pilau, pilau iko chini ya nailoni. Ifukueni."

Ukitaka kuona mji unakimbia, uambie harusi imekwama. Jilala alipita na spika mitaa yote, safari hii anaimba kinyume: mama, kirudie kikapu, mfuko wako umeua ng'ombe wangu na umezuia mke wangu. Siku ya tatu wanawake wa sokoni walitoka na majembe, wauza nyama wakatoka, wapiga debe wa stendi wakatoka, vijana wawili wakaleta ngoma. Ilikuwa kama sikukuu. Waliokota kwenye miiba, wakachokoa mitaroni, vumbi mpaka kope, huku Jilala anawatia mori na Melania anapita na khanga kiunoni akiwaonyesha walipoacha. Mifuko ilishindiliwa kwenye shimo refu la zamani la changarawe na kufukiwa. Usiku ule mtu na mkewe walibishana nani ameokota mingi.

Mbuke akaja na mtamba mwingine, mweusi, mwenye mimba pevu. Watu walijipanga pande mbili, vigelegele vimeshika koo. Yule mama aliswaga polepole, anatazama kulia, anatazama kushoto, kwa yale macho yake mekundu. Karibu na mlango wa zizi akasimama. Chini ya ua wa mnyaa palikuwa na mfuko mmoja, umejificha. Mbuke alimgeuza ng'ombe, akaelekea alikotoka.

Kitangili nzima ikashika vichwa. Jilala akataka kukimbilia ule mfuko, Mbuke akamzuia kwa fimbo, akabaki anamtazama Mzee Maduhu. Na Mzee Maduhu, mkwe anayeletewa mahari, akapiga magoti mavumbini mbele ya mji wote, akaingiza mkono kwenye mnyaa, akautoa, akautia mfukoni mwake.

"Sasa mama mkwe aingie," akasema.

Ng'ombe akageuzwa tena. Vigelegele vilipolipuka, Jilala alimshika Melania mkono hadharani, na hakuna mzee aliyemkemea. Yule mweusi alizaa mvua zilipoanza, dume jeusi tii, na wiki hiyohiyo Melania akatolewa nyumbani kwao na kikapu kipya cha ukindu mkononi, zawadi ya mama mkwe wake.

Sasa wewe. Njia ile imejaa tena. Nimeihesabu miaka, sijasahau nani alichoka kwanza, na usinidanganye kwamba unangoja serikali, unangoja mwenyekiti, unangoja mwenzako aanze. Ule mfuko ulioupita asubuhi bado uko pale, na ng'ombe ameshafunguliwa zizini. Inuka. Weka chini karatasi hii, toka nje, uokote kabla hajaufikia. Ndiyo, sasa hivi.